Santuri Iliyoungua Kibokoni

Famau bin Athman alikuwa fundi wa makoti katika mtaa wa Satwa, Dubai. Watu wa kwao Mombasa walimjua kwa mambo mawili: koti lake halikukunjamana begani, na hakwenda likizo hata mara moja bila kuwapelekea nguo watoto wa marehemu Muhanna. Kwa hili la pili alisifiwa sana. Kwenye baraza za Kibokoni walisema, "Muhanna hakuwa ndugu yake wala mkwe wake, na tazama anavyomkumbuka." Famau akisikia hivyo aliinamisha kichwa, nao wakaongeza kwamba ni mnyenyekevu.

Mwaka 2008, mwezi wa pili, aliingia dukani kwake Mwingereza mmoja mrefu, kichwa mvi tupu, jina lake Terence. Alikuwa msimamizi wa mafundi wa lifti katika minara mipya ya Jumeirah Lakes Towers, na siku za mapumziko alipiga gita na wenzake wanne katika bendi ya kujifurahisha. Alitoa picha kwenye bahasha akaiweka juu ya meza ya kukatia. Ilikuwa ya vijana wa London wa mwaka 1965: makoti mafupi ya vifungo vitatu, kola nyembamba, mipasuo miwili nyuma, suruali zimebana miguu.

"Masta, unaweza kunishonea hivi? Makoti matano."

"Naweza, sir."

"Maduka mawili ya jirani yamenikatalia. Wanasema ni fasheni ya zamani, hawana kielelezo."

"Niliwahi kuyashona nilipokuwa kijana," alisema Famau, na papo hapo akajuta kulisema.

Terence alifurahi. Famau akiwa anampima mabega, yeye alieleza kwamba vijana wale waliitwa mod, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Walivaa vizuri kuliko mishahara yao na walicheza muziki wa soul wa Wamarekani weusi. Kisha akauliza kama anaweza kutumia ile redio ya CD iliyokuwa rafuni kando ya uzi. Akatia CD aliyoirekodi mwenyewe, akaanza na wimbo wa kundi moja maarufu la London, wimbo ambao kila aliyekuwa na redio katika miaka ile aliusikia. Famau aliujua. Kwa zaidi ya miaka arobaini, kila ulipopigwa mahali alipo, alitafuta sababu ya kutoka nje.

"Sasa sikiliza huu," alisema Terence.

Kinanda kilianza peke yake, chini chini, kama mtu anayegonga mlango asiotaka ufunguliwe. Halafu ngoma zikaingia kwa mwendo wa gurudumu linalopita juu ya mawe. Hakuna aliyeimba. Ilikuwa sauti ile ile ya wimbo wa London, lakini nzito zaidi, na wala haikuwa na haraka.

Futi ya kupimia ilibaki begani kwa Terence. Famau hakukumbuka namba aliyoisoma.

"Wanamuziki wanne weusi," alisema Terence. "Walirekodi santuri moja tu, na wimbo huu ulikuwa upande wa pili, upande usiopigwa. Amerika hakuna aliyeinunua. London ma-DJ walibandika karatasi juu ya lebo ili wapinzani wao wasijue jina. Tuliucheza majira mazima ya joto bila kujua ni wa nani. Mwaka uliofuata wale vijana maarufu wakauchukua, wakatia gita na maneno, wakajiandika wao ndio watunzi. Nimeutafuta miaka kumi na minane, masta. Nimeupata mwezi uliopita, kwa bibi mmoja wa Ohio aliyekuwa anauza vyombo vya nyumba yake." Akamgeukia. "Umewahi kuusikia?"

"Hapana, sir," alisema Famau.

Uongo ule haukumpa shida kuutamka. Alikuwa ameuzoea.

Kaka yake Famau, Taib, alikuwa mpiga kinanda. Mwaka 1965 bendi yake ilipiga katika hoteli moja ya Kilindini, ambako mabaharia wa meli za kigeni walishuka kustarehe. Baharia mmoja wa Kimarekani, mtu mweusi aliyependa kukaa karibu na kinanda, alimwachia Taib santuri ndogo siku meli yao ilipong'oa nanga. Hakuna aliyejishughulisha na jina la Kiingereza lililokuwa juu yake. Kwa ajili ya mwendo wa ngoma zake, wao waliuita wimbo ule Mkokoteni. Taib akajifunza kinanda chake noti kwa noti, na Muhanna, mpiga ngoma wa bendi na rafiki yake tangu chuoni walikosomea Kurani, akajifunza ngoma zake mpaka watu wakawa wanautaka kila Jumamosi.

Mwaka uliofuata wimbo wa London ukaanza kusikika redioni. Jumamosi moja bendi ilipopiga Mkokoteni, mabaharia wa Kiingereza walipiga miluzi. "Mnawaiga vijana wetu!" walisema. Taib alikuwa mtu wa heshima zake na hakupenda kuitwa mwigaji. Akashika kipaza sauti akasema kwamba wimbo huo si wa London kabisa, ni wa Wamarekani weusi, naye anao ushahidi nyumbani. "Jumamosi ijayo nitaleta santuri. Mtaisikia wenyewe."

Habari ilienea mji mzima. Taib akataka siku hiyo bendi ivae makoti mapya ya mtindo wa London, kama yale ya kwenye magazeti ya mabaharia, ili iwe wazi kwamba wanajua wanachokisema. Kazi ya kushona alipewa Famau. Alikuwa na miaka kumi na minane, amemaliza kujifunza ufundi mwaka ule ule, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya makoti.

Ijumaa alasiri alikuwa peke yake nyumbani anapiga pasi koti la mwisho, la Muhanna. Ilikuwa pasi ya mkaa. Akaitwa nje kupokea maji, naye akaiweka pasi juu ya kitambaa kilichokunjwa mezani. Hakujua kwamba chini ya kitambaa kile Taib alikuwa ameitua santuri aliporudishiwa na Muhanna, kisha akasahau. Aliporudi alikuta harufu ya lami. Santuri ilikuwa imelainika na kuungua, na sehemu yake imeshikana na bitana ya koti la Muhanna lililokuwa pembeni.

Laiti angemwita Taib wakati ule. Taib alikuwa msikitini, hatua mia moja. Angepigwa, labda, halafu mambo yangekwisha. Lakini Famau alifikiria Jumamosi, na mabaharia, na mji mzima, akaogopa. Aliitumbukiza santuri katika shimo la choo. Akaifumua bitana iliyoungua, akakata nyingine, akaishona kwa mkono kwa uangalifu kiasi kwamba hakuna fundi ambaye angetambua. Taib alipouliza, alisema hakuiona.

Walipekua nyumba mpaka Jumamosi mchana. Jioni Taib alipanda jukwaani mikono mitupu. Mabaharia walicheka mpaka wakagonga meza, na watu wa Mombasa waliokuja kushuhudia wakacheka nao. Taib aliporudi nyuma ya jukwaa alimwendea Muhanna, kwa sababu Muhanna ndiye aliyekuwa ameiazima santuri wiki iliyotangulia.

"Umeiuza kwa nani?"

"Niliirudisha, Taib. Wallahi niliirudisha mkononi mwako."

"Usiape. Usije ukaongeza dhambi juu ya wizi."

Famau alikuwepo. Alikuwa amebeba mfuko wa sindano na uzi endapo kifungo kingekatika. Alimwona Muhanna amesimama na koti lake jipya, mikono imening'inia, anatazama huku na huku kama anayetafuta shahidi. Macho yao yalikutana. Famau akainama akajifanya anafunga mfuko.

Bendi ilivunjika. Muhanna akauza ngoma zake akawa kuli bandarini, na jina la mwizi likamfuata mpaka uzeeni. Taib akawa karani wa ghala, na mji ukamwita Taib Santuri, jina ambalo hata wajukuu zake walilisikia bila kujua kwamba ni la dhihaka. Famau alitoka Mombasa mwaka 1976. Alisema anatafuta riziki, na ni kweli, lakini vilevile alikuwa amechoka kukutana na Muhanna njiani na kusalimiwa vizuri.

Kwa hiyo alipomjibu Terence "Hapana, sir," alikuwa anaendelea tu na kazi aliyoianza zamani. Lakini safari hii kazi haikwenda. Alikata mkono wa koti ukawa mfupi, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Akakata mwingine, nao ukapita kipimo. Terence alipokuja kujaribisha baada ya siku nne, Famau alikuwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja, akasema:

"Sir, nilikuambia uongo. Kaka yangu alikuwa na santuri ile. Mombasa, mwaka sitini na tano."

Terence alikaa juu ya marobota ya kitambaa. Akataka kujua yote. Waliupiga? Mbele ya watu? Kabla ya London? Alisema kuna jarida dogo la wapenzi wa santuri, ataandika habari za kaka yake, dunia ijue kwamba palikuwa na mtu Afrika aliyejua ukweli tangu mwanzo. "Yu hai? Nipe namba yake. Na santuri yake, iliishia wapi?"

"Ilipotea," alisema Famau. "Namba nitakupa. Acha nimpigie mimi kwanza."

Alimpigia Ijumaa baada ya swala, duka limefungwa nusu. Walisalimiana, wakaulizana kuhusu magoti na presha. Kisha Famau akasema, "Kaka, nakuomba usikilize kitu," akawasha CD aliyoiacha Terence, akaweka simu karibu na redio.

Wimbo ule ni wa dakika mbili na nusu. Taib aliusikiliza mpaka ukaisha.

"Mkokoteni," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mkokoteni, wallahi. Waipata wapi, Famau? Ni nani anayo? Nimewaambia watu hawa miaka yote! Wanangu wenyewe hawakuniamini!" Akacheka, kisha akawa hacheki. "Nitumie. Nitaipeleka barazani wasikie, wale waliobaki."

"Kaka, ile yako niliichoma mimi."

"Wasemaje?"

"Kwa pasi. Ile Ijumaa. Niliiweka pasi juu yake bila kujua, nikaogopa, nikaitupa chooni."

Famau alisikia adhana ya Mombasa, kwa mbali, upande wa pili wa simu.

"Kwa hiyo Muhanna…"

"Hakuichukua. Alikurudishia kama alivyosema."

"Wajua Muhanna alikufa lini?"

"Tisini na tatu."

"Jeneza lake lilipita mbele ya mlango wangu. Nilikuwa nimekaa kibarazani. Watu wote waliinuka, Famau. Mhindi wa duka aliinuka. Mimi sikuinuka. Wewe mwezi ule ulikuwa hapa likizo."

"Nilikuwepo."

"Ulikwenda kuzika?"

"Nilikwenda."

"Ulilibeba jeneza?"

"Nililibeba, kaka."

Taib alipumua kwa nguvu. "Miaka arobaini na miwili umekaa nalo," alisema. "Kwa nini hukukaa nalo kidogo tu zaidi, mpaka nife?" Akakata simu.

Famau alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa amejiandaa hata kwa msamaha. Jambo ambalo hakuwahi kulifikiria ni kwamba alichokitua yeye kingemwangukia mwingine, mzee wa miaka sabini, na kwamba mzee huyo hangekuwa na mtu wa kumwendea, kwa kuwa aliyemkosea alikwisha kuzikwa. Alipiga tena siku ile, na kesho yake, na wiki nzima. Simu iliita tu. Akamwomba ruhusa kafeel wake, Mwarabu aliyemdhamini kibali cha kazi, akanunua tikiti.

Alipobisha Kibokoni, Taib mwenyewe ndiye aliyefungua. Alikuwa amekonda. Hakumpa mkono, ila hakufunga mlango. "Nakungoja," alisema. "Siwezi kwenda kwa Mastula peke yangu. Na wewe hutakwenda peke yako."

Mastula, mjane wa Muhanna, alikuwa akiishi Majengo na binti yake Kulusumu. Aliwakaribisha kwa mshangao, maana Taib hakuwa amekanyaga pale tangu ujana. Akaagiza kahawa. Famau alieleza yote akiwa ameketi mkekani, macho chini, na hakujitetea. Kahawa ilikuja ikapoa.

"Watoto wangu shuleni waliitwa watoto wa mwizi," alisema Mastula alipomaliza. "Huyu Kulusumu alirudishiwa posa. Baba yao alisema, Taib ataiona mahali, kwenye mfuko au nyuma ya kabati, na ataona haya, atakuja. Tusimfuate, alisema, tusimzidishie haya." Akamgeukia Famau. "Na wewe, kila mwaka gauni za watoto, kanzu za Idd. Nilikuombea dua kila ulipoondoka. Jina lako nililitaja kabla ya la ndugu zangu. Kumbe ulikuwa wajitibu."

"Ni kweli, mama."

"Nguo zile zilikuwa nzuri," alisema Kulusumu kutoka mlangoni, kwa uchungu. "Ndilo baya lake."

Famau aliomba radhi. Taib naye aliomba, akakosea maneno, ikabidi aanze upya. Mastula alivisogeza kando vikombe vya kahawa iliyopoa.

"Yangu nimewasamehe," alisema. "Nina miaka sitini na sita, siwezi kuibeba. Ya Muhanna sina mamlaka nayo. Mtakutana naye. Lakini alisemwa mbele za watu kwamba ni mwizi, basi semeni mbele za watu kwamba si mwizi."

Wakaenda. Ijumaa baada ya swala, Famau alisimama kwenye baraza ya Kibokoni, akalisema. Alidhani dunia ingepasuka. Walikuwepo wazee saba na vijana kadhaa. Vijana hawakujua Muhanna ni nani. Mzee mmoja alisema, "Santuri gani? Ile ya hotelini? Mimi nilidhani haikuwahi kuwepo, Taib alijigamba tu." Mwingine alitikisa kichwa, akasema mambo ya ujana ni mengi, Mungu atusamehe sote, kisha wakarudi kwenye mazungumzo ya uchaguzi na vurugu zake. Ni mzee mmoja tu aliyefuta macho, mpiga gita wa bendi ile, naye hakumsalimia Famau wakati wa kuondoka.

Asubuhi ya siku ya Famau kurudi Dubai, Taib alitaka kwenda makaburini alikozikwa Muhanna. Famau alimshika mkono mpaka langoni. Hapo Taib akautoa mkono wake.

"Nisubiri hapa," alisema.

Famau alisubiri nje ya ukuta chini ya jua. Kaka yake alikaa ndani karibu saa nzima. Alipotoka magoti ya kanzu yalikuwa na mchanga.

Makoti matano yalikamilika mwezi wa nne. Terence alikuja kulichukua lake akiwa na furaha ya mtoto. Alikuwa amempigia Taib, wamezungumza saa moja na nusu, mzee amemwimbia kinanda chote kwa mdomo.

"Amenieleza hata jina mlilouita," alisema Terence mbele ya kioo, akinyoosha kola. "Nimemuuliza santuri yake iliishia wapi. Amesema iliharibika. Basi. Hakutaka kuongeza neno."

Famau alikuwa amepiga goti anakagua upindo wa suruali. Tangu arudi, Taib alikuwa akipokea simu zake, akimwambia habari za mvua na dawa, lakini jambo lile hawakuligusa. Hakujua kama kaka yake amemsitiri, au ameona aibu mbele ya mgeni, au ameona tu kwamba neno hilo linatosha.

"Niliiharibu mimi, sir," alisema. "Halafu mtu mwingine akaitwa mwizi. Jina lake Muhanna. Ndiye aliyepiga ngoma. Ukiandika, mwandike na yeye."

Terence aligeuka kutoka kwenye kioo. Akatafuta kalamu katika koti lake jipya, akakuta mifuko yote bado imeshonwa, na Famau akamwazima chaki.

"Muhanna," alisema Famau. "Kwa n mbili." Akamwangalia anavyoliandika nyuma ya bahasha ya picha.